Vifaa vya Kukodi: Namna ya Kuvifungasha na Kuvirudisha Baada ya Shughuli



Mpenzi msomaji, kila mwaka madrasa huwa na shughuli mbili tatu ambazo hukusanya watu wengi kuliko viti ilivyonavyo. Kuna maulidi, kuna mashindano ya kuhifadhi Qur'an, na kuna mahafali. Hapo ndipo kamati inapokwenda kukodi maturubai, viti, meza, spika, jenereta, masufuria ya pilau, sinia, sahani na vijiko. Siku ya kuvipokea vifaa hivyo wasaidizi huwa wengi, kila kijana anataka abebe spika. Lakini saa sita za usiku, kasida zimekwisha, wageni wameondoka na baridi ya Makambako imeshaanza kuuma, ukiwatafuta wale wale waje wakunje turubai utawapata wanne. Makala hii ni kwa ajili ya hao wanne, na pia kwa ajili ya waliokwenda kulala.

Kwa nini jambo hili lina uzito? Turubai mlilolitumia kwenye mahafali Jumamosi huenda Jumapili asubuhi linangojewa na watu waliofiwa. Mjini kwetu vifaa ni vile vile vinavyozunguka: leo harusi, kesho kipaimara cha jirani, keshokutwa msiba, na wiki ijayo mkutano. Mkichelewa nusu siku, wapo watu watakaokaa juani au mvuani kwa sababu yenu, wala hamtawajua. Mkirudisha sahani 230 badala ya 250, mwenye vifaa ataahidi 250 kwa mteja mwingine akiamini zipo. Na mwaka ujao mkienda tena kukodi, atakuangalieni usoni kwanza.

AMANA KATIKA MIKONO YA MKODISHAJI NA MUAZIMAJI

Qur'an Tukufu katika Surat An-Nisaa, aya ya 58, imeamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Haikubagua mwenye amana ni nani. Tunasoma katika sira kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alipohama Makka mwaka 622, alimwacha Sayyidna Ali (R.A.) nyuma ili arudishe amana za watu zilizokuwa kwake. Na wenye amana hizo ni watu wa Makka, mji uliokuwa ukimfukuza.

Kisa kinacholingana zaidi na shughuli zetu ni cha vita vya Hunayn, mwaka wa 8 Hijria. Mtume (S.A.W.) aliazima deraya za vita kutoka kwa Safwan bin Umayya, ambaye wakati huo alikuwa bado hajasilimu. Safwan aliuliza kama vifaa vyake vinanyang'anywa. Akajibiwa kuwa ni azima yenye dhamana. Katika mapokezi ya Abu Daud imekuja kwamba baada ya vita baadhi ya deraya zilipotea, na Mtume akajitolea kulipa. Safwan hakutaka tena malipo, kwani moyo wake ulikuwa umekwisha kubadilika. Hebu tazameni: jeshi limetoka vitani, na bado deraya zikahesabiwa mpaka zilizopungua zikajulikana.

Upo pia mfano wa chombo cha jikoni. Katika Bukhari imepokewa kwamba mmoja wa wakeze Mtume alipeleka chakula katika bakuli kwenye nyumba ya mke mwenzake, na bakuli likapigwa likavunjika. Mtume (S.A.W.) alikusanya vipande na kile chakula, kisha akatoa bakuli zima lipelekwe kwa mwenye bakuli, na lile lililovunjika likabaki katika nyumba lilimovunjikia. Mwenye kuvunjiwa hakuambiwa asubiri hadi mwezi ujao.

Hapa yafaa wanafunzi wa fiqhi wakumbuke tofauti ya ijara na ariya, kwani katika shughuli moja huwa tunavyo vyote viwili. Viti vya kukodi ni ijara, umelipia manufaa yake. Sufuria ya mama jirani aliyokupa bure ni ariya. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi katika Afrika Mashariki, kitu cha kukodi ni amana mkononi mwako. Kikiharibika bila ya wewe kuzembea wala kuvuka mipaka, hulipi. Kitu cha kuazima kina dhamana. Kikipotea au kikiharibika kwa lisilokuwa lile tumizi uliloruhusiwa, unalipa hata kama hukuzembea. Kwa hiyo sufuria ya bure ndiyo yenye jukumu zito zaidi, kinyume na wanavyodhani wengi. Na gharama ya kuirudisha ni juu ya aliyeazima.

Uzembe ni nini? Kiti kikivunjika chini ya mzee aliyekaa kama watu wanavyokaa, huo si uzembe. Kikivunjika kwa sababu watoto wawili walisimama juu yake wapate kumwona msomaji, huo ni uzembe wa waliopewa kazi ya kuwaangalia. Turubai likichanwa na upepo hali kamba zote zimefungwa na vigingi vimezama, mna hoja. Likichanwa kwa kuwa mlifunga kamba sita kati ya kumi, hamna. Wenye vifaa wengi siku hizi huandika katika hati zao kwamba kila kilichopungua au kuharibika kitalipwa, basi someni hati kabla ya kutia saini, na penye utata muulizeni sheikh wakati ule ule. Kuuliza baada ya hasara huwa ni ugomvi tayari.

ALAMA NA DAFTARI

Nani asiyejua mizigo inavyotumwa kwa basi pale stendi? Kila kiroba huandikwa jina na namba ya simu kwa kalamu nene, kwani viroba vyote hufanana. Mwenye vifaa vya kukodi naye ana tatizo hilo hilo. Viti vyake ni vya plastiki, vyeupe, na vya mwenzake ni vya plastiki, vyeupe. Ndiyo maana ukikipindua kiti utaona doa la rangi, au herufi mbili, au namba. Spika na mikisa huwa na namba yake peke yake, kwa mfano S-04, na waya zake zimefungwa utepe wa rangi moja.

Katika nchi za viwanda jambo hili limekwenda mbali. Tarehe 26 Juni 1974, katika duka moja la mji wa Troy, Ohio, Marekani, pakiti ya ubani wa kutafuna ilikuwa bidhaa ya kwanza kuuzwa kwa kusomwa mistari myeusi na mashine ya miale. Mwaka 1994 kampuni ya Denso Wave ya Japani ikabuni vile vimraba vyeusi na vyeupe, ambavyo leo mnaviona madukani kwa ajili ya kulipia kwa simu. Makampuni makubwa ya kukodisha spika na taa hubandika alama kama hizo kwenye kila kifaa, hata waya. Kifaa kikitoka stoo husomwa, na kikirudi husomwa. Kisiposomwa kurudi, kompyuta inakihesabu kuwa bado kiko kwa mteja, hata kama kimelala chini ya rafu pale pale. Kwa hiyo anayerudisha ndiye anayepaswa kuhakikisha kila alama imeonekana, asiondoke akidhani inatosha kuyaacha masanduku mlangoni.

Sisi hatuna mashine hiyo, lakini daftari linafanya kazi ile ile, ikiwa litaandikwa. Surat Al-Baqara, aya ya 282, inawafundisha Waislamu kuandika deni la muda na kuweka mashahidi, wala wasichoke kuandika dogo wala kubwa. Chukueni adabu hiyo. Siku ya kupokea, wawe watu wawili: mmoja anataja, mwingine anaandika. Andikeni kitu, idadi, alama yake na hali yake. Hilo neno "hali" ndilo linalosahauliwa. Sinia lenye mkunjo, spika yenye wavu uliobonyea, turubai lenye tundu la ukubwa wa ngumi, yote yaandikwe mbele ya mwenye mali na yapigwe picha kwa simu. Msipofanya hivyo siku ya kupokea, siku ya kurudisha tundu lile litakuwa lenu.

Jambo moja la pembeni, nalo ni la kupokea zaidi kuliko la kurudisha. Tunaishi na majirani wa dini nyingine, na masufuria yanayozunguka mjini hupikiwa kila kitu, pamoja na kitimoto. Kwa madhehebu ya Shafi, chombo kilichoguswa na nguruwe kwa unyevu huoshwa mara saba, moja wapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Muulizeni mwenye vifaa kwa upole, bila kumtia aibu. Wengi wao wanajua na hutenga masufuria ya Waislamu.

USIKU WA KUKUSANYA

Kosa linaloleta hasara kuliko yote ni kuzima jenereta mapema. Shughuli ikiisha, fundi anataka kuondoka, anazima, na kazi yote ya kuhesabu inafanywa kwa tochi za simu. Kijiko hakionekani kwa tochi ya simu, na kigingi kilichozama kwenye udongo ndiyo kabisa. Taa moja kubwa na jenereta viwe vitu vya mwisho kufungwa. Na kama inawezekana, watu wa kukusanya wasiwe wale waliosimama tangu alfajiri. Watengwe kuanzia wiki ya maandalizi na wapewe chakula chao mapema.

Anzeni na sauti, kwa sababu ndiyo ghali na ndiyo inayoharibiwa na umande. Punguzeni sauti yote kwenye mikisa, kisha zimeni amplifaya kwanza na mikisa baadaye. Mkianza kuzima mikisa huku amplifaya inawaka, spika hupiga mshindo mkubwa ambao unaweza kuziumiza. Maiki zisizo na waya zitolewe betri, kwani betri ikisahaulika ndani huvuja na kula vyuma. Waya msizikunje kwa kuzizungusha kwenye kiwiko na kiganja kama kamba ya kuanikia nguo. Kufanya hivyo huzipinda waya nyembamba zilizomo ndani, mwisho zikakatika bila ya kuonekana nje, na mwaka ujao qaswida inakatika katikati. Zungusheni duara kubwa la kiasi cha sinia, duara moja kwa kawaida na la pili kwa kuupindua mkono ili lijifunge kwa ndani, hivyo hivyo kwa zamu hadi mwisho. Waya iliyokunjwa namna hii ukiitupa inafunguka yenyewe bila fundo. Mnaweza kujifunza kwa dakika kumi, na vijana hupenda kushindana. Kisha ifungeni kwa kamba yake. Msitumie utepe wa gundi, maana gundi yake hushika vumbi.

Viti vipangwe kumi kumi, kila safu kumi, hata kama vinaweza kupandana ishirini. Mtu mmoja akisimama mahali pamoja ahesabu safu thelathini, amepata 300. Vikipangwa ovyo, huyu kumi na mbili na yule kumi na tisa, mtahesabu mara tatu na kila mara mtapata idadi yenu mpya. Vipinduliwe kimoja kimoja kuangalia alama, kwa sababu viti vya msikiti, vya majirani na vya shule vimeshachanganyika. Kurudisha 300 kamili huku 15 si vya mwenyewe kumeleta hasara mbili kwa mpigo.

Turubai lina shida yake, nayo ni maji. Mahafali yakiwa Desemba tumo katika mvua. Maulidi huzunguka, kwa kuwa mwaka wa Hijria unapungukiwa na siku kama 11. Mwaka 2024 yaliangukia katikati ya Septemba, na 2025 mwanzoni mwa mwezi huo huo, wakati wa vumbi na upepo. Lakini hata kiangazi umande wa nyanda hizi unatosha kulilowesha turubai lililolala nje. Likikunjwa bichi likakaa siku mbili tatu, linaota ukungu mweusi ambao hautoki na harufu yake haitoki. Basi kama ni usiku na limelowa, mwambieni mwenyewe kwa simu kwamba mtalikunja mara moja kwa ajili ya safari tu, au mpatane alikute limeanikwa asubuhi. Lisafishwe udongo kwa ufagio laini kabla ya kukunjwa, kwa sababu mchanga uliobaki ndani hulikwaruza kila linaposukumwa. Wakati wa kushusha, kamba za upande unaokotoka upepo ndizo zifunguliwe mwisho. Makambako ni mji wa upepo, na turubai lililofunguliwa upande huo kwanza hugeuka tanga, likanyanyua nguzo na waliozishika. Watoto wakae mbali. Nguzo zihesabiwe, viungio vihesabiwe kando, na vigingi vihesabiwe kando. Nguzo zote zikirudi bila viungio viwili, turubai halisimami.

JIKONI

Sasa twende kwa akina mama, kwani huko ndiko vitu vinakopotelea.

Kijiko ndicho kinachoongoza. Kinaondoka na makombo: mtu anamimina mabaki ya sahani kwenye ndoo, kijiko kinateleza, ndoo inakwenda kumwagwa. Dawa yake ni ndogo. Wekeni beseni mbili mahali pa kukusanyia vyombo, moja ya vijiko peke yake, na awepo msichana au kijana wa kusimama hapo. Ndoo ya makombo isimwagwe kabla ya kupekuliwa kwa mkono wenye mfuko.

Sahani nazo zinatoka na chakula cha watu. Hii ni mila njema, kumpelekea mgonjwa, mjane au mzee asiyeweza kuja, na hakuna anayetaka ikome. Zamani chakula hicho kilifungwa kwenye mfuko wa plastiki. Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini, sahani ya kukodi imechukua nafasi yake, na inalala nyumba ya tatu mpaka ifikiriwe. Watangazieni familia mapema: anayetaka kupeleka chakula nyumbani aje na bakuli lake. Kamati nayo inunue makopo kumi yenye vifuniko yawe ya madrasa. Ni ghali mara moja tu.

Tuseme katika hati mmepatana kila sahani iliyopotea ni shilingi 3,000, kila kijiko 1,000 na kila kiti 15,000. Zikipungua sahani 18, vijiko 40 na viti 4, mnadaiwa 54,000 na 40,000 na 60,000, jumla shilingi 154,000. Fedha hiyo ingenunua misahafu na juzuu za watoto, na imetoka kwa wazazi waliochangishwa elfu mbili mbili.

Masufuria yenye ukoko yaloweshwe kwa maji ya moto mapema, wakati watu wangali wanakula. Msikwangue kwa kisu wala kwa shepe. Vyombo vihesabiwe mara mbili, kabla ya kuoshwa na baada ya kukaushwa. Hesabu mbili zikitofautiana, kilichopungua kiko kwenye maji ya kuoshea au kwenye nyasi karibu na bomba, na bado mna nafasi ya kukitafuta. Sahani za udongo zifungwe kumi kumi na kitambaa au gazeti katikati, zisimamishwe wima ndani ya sanduku. Zikilazwa, ya chini inabeba zote, na kwa barabara zetu za mitaani itapasuka.

SAFARI NA MAKABIDHIANO

Kama vifaa vimetoka hapa hapa mjini, guta au kirikuu inatosha, na kilichosahaulika hufuatwa kwa bodaboda. Vikitoka Njombe, kiasi cha kilomita 60, mambo ni mengine, kwani nauli ya kurudisha mfuko mmoja wa vigingi inaweza kuzidi bei ya vigingi vyenyewe. Gari lisiondoke hadi daftari lifungwe. Pangeni spika na jenereta mbele karibu na kichwa cha gari, zimesimama. Jenereta iwe imepoa na mlango wake wa mafuta umefungwa, na isikae karibu na majamvi wala masufuria. Juu kabisa kiwe kile kitakachoshushwa kwanza.

Afuatane na gari mtu aliyekuwapo wakati wa kuhesabu, si dereva peke yake. Dereva alipewa mzigo, hakupewa hesabu. Huko stoo, simameni mpaka mwenye vifaa au mtu wake ahesabu mbele yenu, atie saini na tarehe na saa. Ndipo mdai rehani yenu. Akisema ana haraka na atahesabu kesho, mwambieni kwa adabu kwamba mtasubiri, au mhesabu nanyi mkiwepo na kupiga picha za safu zile za kumi kumi. Kilichovunjika kitajwe kwanza, kabla hajakiona. Mkikificha chini ya safu akakikuta, hata vile vilivyovunjika zamani ataona ni vyenu.

Wiki moja au mbili baada ya shughuli, vitu vitaanza kurudi vyenyewe: kijiko kwenye mchanga wa watoto, kikombe nyuma ya choo, sahani kutoka kwa mgonjwa aliyepona. Katika ofisi ya madrasa liwepo boksi la vitu vilivyookotwa, na kila kimoja kipinduliwe kuangaliwa alama. Kama mlishakilipia, kipelekeni kwa mwenyewe na hati yenu mkononi. Wengine hurudisha fedha, wengine husema kibakini nacho. Vyote viwili viandikwe katika daftari lile lile, ukurasa ule ule, chini ya saini.